Nyumbani Tabu Kuingia

Mtaani kwetu Malindi hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bwana Mifugo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutibu ng'ombe wa watu Unguja nzima, na hata alipostaafu hatukuona sababu ya kumvua cheo. Habari za kuzaliwa kwake, ukoo wake na mashamba yaliyokuwa ya babu zake nawaachia wanaopenda kuzihesabu. Mimi nataka kusimulia kisa cha mtu aliyekaa miaka akifikiri kama abadilishe gari lake la jipu kwa pikapu, na namna sisi majirani zake tulivyomsaidia asifikie uamuzi.

Nianze kwa kusema wazi jambo ambalo sisi tulichelewa kulijua, ili msomaji asipotee nasi. Bwana Mifugo mwenyewe hakuwa na shida na jipu. Mwenye shida alikuwa mkewe. Magoti yalikuwa yakimuuma, na jipu lile lilikuwa limeinuka sana kutoka ardhini, akawa hawezi tena kulipanda. Mamake yule bibi alikuwa kizee wa kukaa kitandani huko Mkokotoni, na tangu magoti yaanze bintiye alikuwa hajapelekwa kumuona. Gari za abiria mumewe alikuwa hataki hata kuzisikia zikitajwa. Jambo lote lilikuwa hilo: mtoto afike kwa mamake kabla mamake hajaondoka duniani. Bwana Mifugo alilijua, mkewe alilijua, na sisi tuliokuwa tukilijadili gari lile barazani tangu alasiri mpaka magharibi hatukulijua kabisa. Sababu ya kutolijua ni neno moja, na nitalifikia.

Kwanza mwenyewe mumjue. Alikuwa mrefu, mwembamba, kofia yake imeoshwa mpaka viua vimeanza kufutika, na kanzu yake siku zote ina doa la grisi ubavuni ambalo alidhani hatulioni. Ukimuuliza jambo lolote, kubwa au dogo, jibu lake lilikuwa moja: "Nnatizama." Muuza kahawa akimuuliza kama amtilie kikombe cha pili, anatizama. Ukimuuliza kama mvua itanyesha na huku inanyesha, anatizama. Inasemekana hata kazini alikuwa hivyo hivyo. Alikuwa akifika shamba, anasimama mbele ya ng'ombe mgonjwa, mikono nyuma, haneni, hagusi, mpaka mwenye ng'ombe anaanza kujiona yeye ndiye mgonjwa. Wapo waliomsifu kuwa hajawahi kukosea. Wapo pia waliosema ng'ombe walikuwa wakipona wenyewe kwa kuchoka kutizamwa.

Alitibu ng'ombe maisha yake yote na maziwa hakunywa. Chai yake ilikuwa ya rangi, na akiulizwa kwa nini, alisema ameyaona yanakotoka. Vijana wenye pikipiki aliwakemea kwa fimbo ya mkwaju, akiwaambia barabara si ya baba yao, lakini chini ya kiti cha jipu alikuwa na picha za magari ya mashindano alizokata kwenye magazeti, zimekunjwa vizuri kama hati za shamba. Alikuwa akiapa kila wiki kwamba gari lake haliazimwi mtu. Na kila wiki ukitaka kujua liko wapi, unaambiwa limeazimwa.

Jipu lenyewe alilinunua kwenye mnada wa serikali, idara yake ilipopata magari mapya. Sisi tulilitamka kama jipu la mwilini, na halikuwa kosa, maana nalo lilimkaa muda mrefu na kila aliyepita alikuwa na dawa yake. Lilinuka dawa ya kuogeshea ng'ombe, harufu isiyotoka kwa maji wala kwa udi. Mabwana harusi wa Malindi wa miaka ile wote wanaijua harufu hiyo, kwa sababu bibi harusi aliletwa na jipu, kafukizwa udi na kuongezewa dawa ya kupe. Wagonjwa walikwenda hospitali kwa jipu. Maiti waliozikwa shamba walikwenda kwa jipu. Ukiangalia hivyo, Bwana Mifugo hakuwa na gari. Mtaa ulikuwa na gari, na yeye ndiye aliyelitilia mafuta.

Na gari hilo mtaani haliingii. Mji Mkongwe ulijengwa na watu wasiofikiria gari, na kichochoro chetu watu wawili wanene wakikutana, mmoja hurudi nyuma akampisha mwenziwe. Kwa hiyo alilaza jipu uwanjani karibu na lango la bandari, akafungua boneti, akatoa kijidude kimoja cha injini kilichofanya gari lisiwake bila yeye, akakitia mfukoni na kwenda zake nyumbani kwa miguu. Wezi hakuwaogopa kwa lolote jingine. Asubuhi kijidude kilikuwa hakipatikani, kwa kuwa kanzu ishabadilishwa. Basi alisimama kichochoroni akapiga kikohozi, dirisha la ghorofani likafunguka, na kikapu kikateremshwa kwa kamba, kijidude ndani yake kimefungwa kwenye kitambaa. Tulichokiona ni mkono wenye bangili ukiilegeza kamba. Kwa miaka yote niliyokaa mtaa ule, mkewe Bwana Mifugo kwangu mimi alikuwa mkono ule.

Pikapu ililetwa na mpwa wa Bwana Mifugo. Tangu ruhusa ya kuleta mali kutoka nje ilipofunguliwa katikati ya miaka ya themanini, yule mpwa alikuwa hakai. Leo yuko Dubai, kesho yuko gatini anagombana na watu wa forodha, na kila mara ana kitu kipya. Miaka ya tisini ilipofika katikati akaja na pikapu nyekundu, ya chini, tairi pana, injini kubwa ya kupita kiasi. Alipoiwasha pale bandarini kunguru waliruka kutoka juu ya mapaa na mazungumzo ya baraza yakakatika. Bwana Mifugo alikuwa katikati ya sentensi. Hakuimaliza mpaka leo.

Mpwa hakutaka fedha. Alitaka jipu. Watalii walikuwa wameanza kuja kwa wingi, na kumbe Mzungu aliyeacha gari zuri kwao anataka kupelekwa pwani ya mashariki kwa jipu bovu, ndipo anapoona amesafiri. Akamwambia mjomba wake: wabadilishane, gari kwa gari, na pasiwe na maneno. Mjomba akasema anatizama.

Hapo baraza likapata kazi. Mkuu wetu alikuwa Fundi Saa, mzee wa kutengeneza saa aliyekuwa akichelewa kila mahali, na hoja zake zilikuwa nzito. Alisema pikapu ile haina faida Unguja, kwa sababu ukikanyaga mafuta sawasawa kisiwa kinaisha. Alisema tena kwamba maiti hana haraka, na haifai achekwe na watu njiani akipitishwa mbio kama samaki wa mnadani. Mimi, niliyekuwa na duka la vifaa vya umeme Darajani na kujiona mtu wa kisasa, nilikuwa upande wa pikapu. Tulibishana mpaka muuza kahawa akachukua upande. Lakini usidhani tulimfikiria Bwana Mifugo. Kila mmoja wetu alikuwa akifikiria harusi ya bintiye, au mazishi yake mwenyewe.

Sasa nilifikie lile neno. Kwetu mwanamume mwenye haya hamtaji mkewe mbele za watu. Jina lake ndiyo kabisa, na hata kusema "mke wangu" kunaonekana kama kumvua buibui hadharani. Husema "nyumbani." Nyumbani hajambo. Nyumbani anaumwa. Nyumbani kanituma ndimu. Wageni kutoka bara hushangaa jinsi nyumba za Unguja zinavyopatwa na homa. Sisi hatushangai, tumezaliwa humo, na mimi mwenyewe nilikuwa nikimwita mke wangu hivyo hivyo bila ya kufikiri.

Siku moja Fundi Saa alichoka na kule kutizama, akamuuliza hasa kinachomzuia ni nini. Bwana Mifugo aliangalia chini. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kusema jambo zito, na leo nikiukumbuka naona uchungu.

"Jipu mie silichukii," alisema. "Lakini nyumbani tabu kuingia."

"Na pikapu?"

"Pikapu iko chini. Nyumbani rahisi."

Alikuwa ametufungulia moyo wake, kwa kadiri mtu wa namna yake anavyoweza kuufungua. Alikuwa ametuambia kuwa mkewe hawezi kupanda. Sisi wanaume watu wazima, kila mmoja na "nyumbani" yake, tuligeuka wote kwa pamoja tukakiangalia kichochoro.

Fundi Saa aliona mwenziwe ameanza kuchanganyikiwa. Pikapu ile ni pana kuliko jipu, itaingiaje nyumbani kwa urahisi? Hatukutaka kumbishia mtu mzima kwa mdomo mtupu. Alipokwenda zake tulichukua kamba ya kuanikia nguo, tukaenda bandarini, tukapima upana wa pikapu, tukafunga fundo. Kisha tukarudi tukaitandaza kamba kichochoroni, Fundi Saa kashika ncha moja na mimi nyingine. Kamba ilizidi kwa mbali. Tulifurahi sana, maana si kila siku mtu anapata hakika katika dunia hii.

Kesho yake Fundi Saa alimpa matokeo, kwa upole, kama anavyopewa mtu habari ya msiba.

"Bwana Mifugo, usijisumbue na pikapu. Tushapima kwa kamba. Kwa upana ule, haingii."

Bwana Mifugo aligeuka rangi. Akauliza mara mbili tulipima nini. Fundi Saa akajibu kwamba tulipima jana, wawili, mchana kweupe, na majirani waliona. Yule mzee aliinuka, akakung'uta kanzu, na kwa sauti ndogo akauliza ni nani aliyetupa ruhusa. Halafu akaondoka, na hakukanyaga barazani mpaka mwezi mwengine ukaandama. Tulishindwa kuelewa. Tulikubaliana kuwa ni mtu asiyependa kuambiwa ukweli. Kwamba mkewe hakuwa mwembamba, na kwamba mumewe alidhani tumempima yeye, hilo halikumjia mtu hata mmoja akilini.

Aliporudi hatukuulizana. Akaendelea kutizama. Alimuuliza fundi wa magari, alimuuliza dereva wa lori la karafuu, alimwandikia rafiki yake Maskati. Aliswali istikhara, ili Mungu amwonyeshe la kufanya, akaota ng'ombe mweupe amekaa chini hataki kuinuka. Fundi Saa akasema tafsiri ni wazi, asiondoke alipo. Mimi nikasema tafsiri ni wazi, achukue gari la chini. Na yeye tangu ujana wake alikuwa hajaota kitu ila ng'ombe. Miezi ikapita, ikawa miaka, mpwa akaenda Dubai akarudi, akaenda tena. Mkokotoni ni mwendo wa asubuhi tu kutoka mjini, na huko kizee alikuwa kitandani akiwauliza watu kama binti yake hajambo.

Mwisho mpwa akachoka. Ijumaa moja asubuhi alimpa mjomba wake ufunguo wa pikapu, akamwambia aende nayo popote siku nzima, kisha aseme moja. Tulikuwa barazani. Mlango mkubwa wa nyumba yake ukafunguka, akatoka Bwana Mifugo, na nyuma yake mwanamke wa buibui, anakwenda polepole, kiganja ukutani. Nilizijua bangili. Walipofika uwanjani alikaa ndani ya pikapu kama mtu anayekaa kwenye kiti chake sebuleni, mumewe akafunga mlango, wakaondoka. Tuliliona jambo lile kwa macho yetu, nasi bado hatukuelewa. Fundi Saa alisema amempeleka mkewe matembezi, mambo ya kizungu.

Walirudi kabla ya magharibi. Kesho yake asubuhi Bwana Mifugo alimrudishia mpwa wake ufunguo, akamshukuru, akamwambia jipu halitoki. Sababu hakutoa. Huyo aliyetizama kwa miaka aliamua kwa usiku mmoja, na pikapu ikauzwa kwa kijana wa Kikwajuni aliyekanyaga mafuta mpaka kisiwa kikamwishia kama ilivyotabiriwa, kwenye ukuta. Kijana alitoka salama. Fundi Saa alisema ni kamba yake iliyomwongoa mzee, na aliendelea kusema hivyo mpaka anaingia kaburini, akiwa amepelekwa na jipu, kwa mwendo aliouridhia.

Mimi nilihama. Nyumba yetu ilianza kudondoka chokaa kwenye chakula, nikapata fleti Michenzani, ghorofa za juu, na Malindi ikawa mahali pa kwenda kupokea mzigo tu. Miaka ya elfu mbili ilikuwa imekwishaingia siku niliyokwenda bandarini kungoja mafeni yangu kutoka Dar es Salaam, nikaliona jipu. Lilikuwa pale pale uwanjani, limepakwa rangi mpya kwa brashi, mlango mmoja wazi.

Bwana Mifugo alikuwa amepiga magoti chini. Nilidhani ameanguka, nikakimbia. Kumbe ameshika kwa mikono miwili kibao cha mbao chenye ngazi mbili, amekikandamiza ardhini kisitikisike, na mkewe amemwekea mkono begani akipanda, mguu mmoja kisha mwengine, mpaka akakaa juu. Wachukuzi wa bandari walikuwa wakipita na magunia kichwani, na hapana hata mmoja aliyegeuka kutazama. Walikwishazoea.

Nikawaamkia wote wawili shikamoo. Bwana Mifugo aliitika marahaba akifuta vumbi magotini. Bibi aliniangalia kutoka kule juu, uso mnene wenye kucheka.

"Wewe si yule wa kamba?"

Nikasema wa kamba alikuwa marehemu Fundi Saa, mimi nilishika ncha ya pili tu. Akacheka mpaka bangili zikalia. Akanisimulia mumewe alivyorudi siku ile na hasira, anasema watu wa baraza wamekuja kumpima mkewe kwa kamba, na yeye, aliyekuwa ametuona kutoka dirishani tukipima kichochoro, alivyokaa chini jikoni kwa kicheko asiweze kumfahamisha. Hapo ndipo nilipofahamu yote, nimesimama juani na karatasi za mafeni mkononi. Nikamuuliza mbona basi pikapu aliikataa, na alikuwa ameipanda vizuri.

"Nliipanda," alisema. "Lakini njia nzima nnaona miguu ya watu tu. Kwenye jipu mie nlikuwa nnawaona watu kwa juu ya nyua zao, nao wananiona, wananiamkia mpaka nnafika kwetu. Mule nlipita kama mgeni. Nlipofika, mama akaniuliza mie nani."

Bwana Mifugo alikuwa amesimama kando, kibao kwapani, akiangalia tairi.

"Hakunijua," alisema tena bibi. "Tumekaa sana kutizama gari. Basi njiani kurudi nkamwambia: umemuuliza mpwa wako, umemuuliza fundi, umewauliza watu wa baraza, umemuuliza Mungu. Mie hukuniuliza. Akasema kote huko alikuwa anauliza kwa ajili ya nyumbani. Nkamwambia ndiyo maana, nyumba haiulizwi kitu. Ukitaka nikujibu, niite kwa jina langu."

"Akakuita?"

"Ilikuwa tabu. Tushafika Mahonda ndiyo likamtoka. Akaniita, akaniuliza, unataka nini? Nkamwambia nnataka kibao cha kukanyagia."

Seremala alikitengeneza baina ya adhuhuri na alasiri. Tangu hapo walikwenda Mkokotoni kila Ijumaa, na zilikuwapo Ijumaa ambazo mama alimjua mwanawe, na zilikuwapo ambazo hakumjua. Sasa mama alikuwa ameshazikwa, nao waliendelea kwenda, kwa kuwa njia ile ilikuwa na watu wa kuwaamkia. Nilisimama pale nikifikiria kibao. Lau yule mzee angesema barazani, kwa maneno mawili tu, "mke wangu," hata muuza kahawa angemwambia habari ya kibao kabla kikombe hakijapoa.

Bwana Mifugo alitia kibao nyuma ya kiti, akatoa kijidude mfukoni, akakirudisha mahali pake, akafunga boneti. Kisha, mbele yangu na mbele ya wachukuzi na mbele ya lango la bandari, akamwita mkewe kwa jina, kwa sauti ya kawaida, akimuuliza kama wapite njia ya bondeni au ya juu. Sitaliandika jina lile hapa. Ni zuri.

"Naam," aliitika bibi. "Ya juu."

Wakaondoka polepole, na harufu ya dawa ya kupe ikabaki.

Mafeni niliyaacha kwa wakala nikarudi Michenzani. Nilipofika kwenye ngazi za ghorofa yetu, nikiwa bado sijavuta pumzi, nilimwita mke wangu kwa jina lake. Sikumbuki kama niliwahi kufanya hivyo tangu harusi, na hiyo ilikuwa zamani, kwa jipu. Nikasikia mfuniko umeanguka jikoni. Akatoka mbio mpaka juu ya ngazi, upawa mkononi, macho yamemtoka.

"Nani kafa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa, nilitaka kumuuliza jambo. Alinitazama, akaona nasema kweli, akavuta kanga akakaa kwenye ngazi, upawa juu ya magoti.

"Haya, uliza," alisema, na akangoja. Nami nikabaki nimesimama ngazi mbili chini yake, nikitafuta, na sikuwa na swali hata moja.